Nchi Iliyopima Nyavu kwa Kidole

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, niwape habari za nchi moja ambayo jina lake nimelisahau kwa makusudi. Sipendi ugomvi na watu wenye magari ya vioo vyeusi. Nchi yenyewe ilikuwa na bahari upande mmoja na Wizara upande wa pili, na wananchi walikaa katikati, wakiangalia huku na huku wasijue waanze kuogopa kipi.

Wizara hiyo iliitwa Wizara ya Samaki, Nyavu na Vitu Vinavyoelea. Jengo lake lilikuwa la ghorofa tisa, na madirisha yote yalitazama barabarani, kwa sababu mchora ramani alisema mwanga wa bahari unaumiza macho ya maofisa. Mimi naona alifanya vizuri. Macho ya ofisa si kitu cha kuchezea.

Nchi hiyo ilikuwa na meli za kukokota. Kwa asiyezijua, meli hizo hushusha wavu mkubwa wenye umbo la soksi, zikauburura chini ya maji saa mbili tatu, kisha winchi ikaupandisha juu. Samaki wote hukusanyika kule nyuma, kwenye ncha ya soksi, mahali panapoitwa mfuko. Macho ya mfuko yakiwa mapana, samaki mchanga hupenya akaenda zake kukua, na mkubwa hubaki akaenda zake chunguni. Ndivyo inavyotakiwa. Jambo lenyewe ni jepesi, hata mtoto wa chekechea angelielewa, na kwa hiyo ikabidi Serikali ilitungie sheria.

Sheria ilisema hivi: jicho la wavu liwe na upana wa kupitisha kidole gumba cha Waziri.

Msicheke. Zamani Wizara ilikuwa na rula, tena ya chuma, nzuri. Lakini Wizara ya Ardhi ilikuja kuiazima siku moja, na kumdai mtu wa ardhi kitu chako ni kujitakia kiwanja cha makaburini. Ndipo wataalamu wakakaa wakaona kwamba kidole gumba cha Waziri hakiazimwi, hakipotei, na kila siku kinakuja ofisini. Au tuseme, siku nyingi.

Kulikuwa na Waziri mmoja mnene, mpenda maandazi, ambaye enzi zake samaki walikua hadi wakaanza kuwatisha waogeleaji. Akafuata mwingine mwembamba, aliyekuwa mpiga kinanda, na nchi nzima ikashona nyavu upya. Wavuvi walizoea. Kila mabadiliko ya Baraza yakitangazwa redioni, hawakuuliza mtu gani kateuliwa wala wa chama gani. Waliuliza ana vidole vya namna gani.

*

Wakati wa habari hii Waziri alikuwa Mheshimiwa Chambuso. Kidole chake kilikuwa cha wastani, lakini kimetunzwa. Kilipakwa mafuta asubuhi na jioni, na kilivaa kifuko cha mahameli chenye rangi za bendera. Kifungu cha nne cha sheria kilikataza kidole hicho kulowa maji, kwa kuwa kitu kikilowa hubadilika kipimo. Kwa hiyo Mheshimiwa alikula kwa kijiko, akaoga kwa kukiinua juu kama mtu anayeomba ruhusa ya kutoka darasani, na hakupata kusogea karibu na bahari hata mara moja tangu alipoapishwa.

Kila Jumanne nyavu zililetwa Wizarani kupimwa. Ziliogeshwa kwanza, zikaanikwa, zikapigwa pasi. Ndani ya ukumbi palikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cheupe. Makarani wawili walikamata wavu, mmoja kushoto na mmoja kulia, wakaufungua taratibu mpaka macho yake yakakaa mapana, kila jicho na umbo la kipande cha kashata. Bendi ikapiga. Mheshimiwa akavua kifuko, akaingiza kidole, akakitoa.

Kando yake alisimama Bwana Sengelo, Mkurugenzi wa Kidole, mtu mrefu, mwenye sauti ya kusomea wosia. Yeye alikuwa na kazi moja, na aliisomea ng'ambo miaka minne. Kazi yenyewe ni kusema, "Kimepita."

Watu wakapiga makofi. Kisha kidole kilekile kikachovywa kwenye wino, kikagandamizwa kwenye kibali, na huo ndio ukawa muhuri. Meli ikaenda baharini.

Na kila meli iliporudi, sitaha ilikuwa imejaa samaki wachanga. Changu wadogo kama jani la mwembe, mkundaji wadogo kama kalamu, ambao hawakuwahi kuona mwezi mpevu mara mbili. Walikuwa hawaliki na hawauziki. Walirudishwa majini kwa koleo, wakiwa wamekufa, wakaelea wakiangalia juu.

Wizara ikashangaa. Sheria ni nzuri. Nyavu ni nzuri, zimepimwa na kidole cha Waziri mwenyewe. Basi kosa ni la nani?

Kosa, bila shaka, lilikuwa la samaki.

*

Ikaundwa Tume ya Kuchunguza Mwenendo wa Samaki Wachanga. Ilikuwa na wajumbe kumi na mmoja, na ilikaa miezi mitatu katika hoteli yenye bwawa la kuogelea, ili wajumbe wasiwe mbali na maji. Ripoti yake ilikuwa na kurasa mia tatu na kumi na mbili. Iligundua kwamba samaki wachanga hutembea kwa makundi bila shughuli maalumu, hawana taarifa za kutosha, na huiga mambo ya wakubwa.

Mheshimiwa Chambuso aliipokea ripoti mbele ya kamera.

"Ndugu wananchi," alisema, akiinua kidole ndani ya mahameli, "Serikali yenu imeweka milango. Si mmoja, si miwili, bali maelfu ya milango katika kila wavu. Milango hiyo ni mipana. Nimeipima mwenyewe, kwa mkono wangu huu. Kama yupo samaki mchanga anayebaki ndani, basi huyo amebaki kwa hiari yake, na Serikali haiwezi kumtoa mtu mahali alipopapenda."

Hata hivyo Serikali ilikuwa na huruma. Iliagiza kila wavu ushonewe vibao vilivyoandikwa TOKEA HAPA, na mshale. Baadaye, kwa kuwa baadhi ya samaki walionekana kutozingatia, kikaongezwa kipaza sauti cha kuzamishwa majini, chenye hotuba ya Waziri ya dakika arobaini. Samaki waliisikiliza vizuri sana. Ilipofika dakika ya ishirini na tano walikuwa wameshapandishwa kwenye barafu, na hapo utulivu wao ulizidi.

*

Katika mji wa bandari wa nchi hiyo aliishi mama mmoja mshona nyavu, akiitwa Bi Kazija. Mumewe alifariki akamwachia meli moja ya kukokota, nzee, inayoitwa Tumerudi. Nahodha wake alikuwa Shekue, mdogo wa marehemu, na hawa wawili, kama ilivyo kwa mashemeji, hawakuweza kuongea maneno matatu bila moja kuwa la kuchokozana. Mabaharia kumi na wawili walikula kwa meli hiyo, na wake zao, na watoto wao.

Siku ya kushona vibao, Bi Kazija alikuwa amekaa juu ya gunia gatini, mfuko wa wavu umelala mapajani pake, sindano ya nyavu mdomoni.

"Shemeji," alisema, akiitoa sindano, "hiki kibao nikishone wapi?"

"Penye mlango."

"Mlango upi? Naona matundu elfu nne."

"Basi shona popote, shemeji. Wakikikosa wataulizana."

"Kwani samaki wanasoma?"

"Wizara imesema watajifunza. Wewe mwenyewe ulichelewa kujua kusoma, tukakuvumilia."

"Mimi nilichelewa, wewe hujafika." Akavuta uzi, akafikiri kidogo. "Hebu niambie. Huu wavu umeshawahi kuuona ukiwa majini, unaburutwa?"

"Nani atauona? Mimi niko juu, wenyewe uko chini."

"Miaka yote hiyo?"

"Ishirini na miwili."

"Miaka ishirini na miwili unavuta kitu, hujui kina sura gani."

"Mbona kaka alikuoa hivyo hivyo, kwa kusikia?" alisema Shekue, akakwepa kandambili iliyomjia.

Lakini Bi Kazija swali lilimganda. Alikata kipande cha wavu kama upana wa kanga, akaenda nacho nyumbani, akakitundika kwenye msumari wa mlango wa jikoni. Chini yake akafunga ndoo. Ndoo ikiwa tupu, macho ya wavu yalikaa vizuri, vipande vya kashata, kidole kinaingia na kutoka. Akaanza kumimina maji kwenye ndoo, kata moja, kata mbili, kata tatu. Wavu ukakaza. Na macho yakaanza kurefuka, yakasinyaa, yakafinyana mpaka kila moja likabaki mstari tu, kama jicho la mtu aliyekula ubwabwa mwingi mchana. Akajaribu kidole gumba, hakikupita. Akajaribu kidole cha mwisho, nacho kikakataa.

Basi nawategea kitendawili na mimi: nchi kavu anakodoa, majini anasinzia. Mkishindwa, mji mnipe, nami nitaula na watu wake. Haya, mmeshakijibu. Ni huo wavu wa Wizara. Na mtu pekee aliyekuwa amekitegua katika nchi nzima alikuwa amesimama jikoni na kata mkononi, sakafu imelowa.

*

Dawa yake aliipata palepale, maana alikuwa mwanamke wa mikono. Alikishusha kile kipande, akakigeuza, akakitundika upya kwa namna ambayo nyuzi zake nyingine zilisimama wima na nyingine zikalala, kama nondo za dirisha. Sasa macho yalikuwa na pembe nne zilizokaa sawa. Akajaza ndoo mpaka ikafurika. Nyuzi zilizosimama ndizo zilizobeba uzito wote, na zile zilizolala zikatulia, hazina habari. Macho yakabaki wazi.

Akamwita Shekue aje aone. Shekue akaja, akatazama, akazunguka ndoo mara mbili.

"Kwa hiyo dawa ni kuugeuza tu," alisema.

"Kuugeuza tu. Kisha kukata mshazari, kuunga fundo moja moja, na kushona upya mfuko mzima. Kama miezi minne."

"Na kipimo? Maana kidole cha Waziri hatunacho."

"Nitatumia changu," alisema Bi Kazija, akalionyesha dole lake, ambalo miaka thelathini ya sindano ilikuwa imelinenepesha mpaka likafanana na muhogo mchanga. "Likipita hili, hata Waziri mwenyewe anapita, na suti yake."

Akashona miezi minne. Mabaharia wakasaidia kuvuta mafundo. Meli ikafungwa gatini muda wote huo, na watu wakaishi kwa kukopeshana unga. Mfuko ulipokwisha, Tumerudi ikaondoka na kibali chake cha zamani, kwa kuwa hakuna aliyefikiri kwamba wavu uliogeuzwa ni wavu mwingine.

Ilirudi siku ya tatu. Shekue hakuwahi kuona kitu kama kile. Changu wakubwa kama sinia, mkundaji wenye ndevu, wote wakubwa, wote wasafi, na mdogo hata mmoja hayupo. Mpishi wa meli alitafuta samaki wa kumpa paka, akamkosa.

Hapo ndipo matatizo yalipoanza.

*

Gatini kulikuwa na Idara ya Samaki Wachanga, yenye makarani arobaini. Kazi yao ilikuwa kuwahesabu samaki wadogo wanaoletwa na kila meli, ili Wizara ijue isikitike kiasi gani. Makarani wakapanda Tumerudi na fomu zao, wakazunguka sitaha, wakarudi na fomu tupu. Mmoja akageuza fomu yake chini juu, labda imeandikwa upande wa pili. Ikabidi aitwe Bwana Sengelo.

"Nahodha," alisema Bwana Sengelo, "wako wapi wadogo?"

"Baharini, Mkurugenzi."

"Baharini wapi?"

"Walipokuwa. Walipita kwenye wavu, wakatoka."

"Uliwaona wakitoka?"

"Sikuwaona. Walitokea chini."

"Kwa hiyo hukuwaona, huna idadi yao, na huna majina ya aina zao. Lakini unataka Serikali iamini kwamba walikuwepo na wakatoka."

"Ndiyo hivyo."

Bwana Sengelo akaandika kitu, akakipigia mstari. "Meli zote ishirini na saba za nchi hii huleta samaki wachanga. Wewe peke yako huleti. Mtu akikosa kitu ambacho wenzake wote wanacho, maana yake amekificha. Mlete mmoja tu, aje athibitishe kwamba alipita."

"Nikimleta, Mkurugenzi, si nitakuwa nimemvua?"

"Hapo utakuwa umevunja sheria, ndiyo."

"Na nisipomleta?"

"Utakuwa mwongo."

Kitendawili gani hicho, wajukuu zangu? Mimi nimetegewa vingi maishani, lakini hicho kingenikalisha. Bwana Sengelo kilimpita bila kumgusa.

Meli ikazuiwa gatini. Wavu ukachukuliwa, ukawekwa lebo. Barua ikamfikia Bi Kazija: Jumanne kesi ya wavu itasikilizwa mbele ya Mheshimiwa. Wavu ukishindwa, wavu huo utachomwa moto Ijumaa, na Tumerudi itafutwa katika daftari la meli daima, na nafasi yake gatini apewe mwingine.

Alisoma barua mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya kopo la chumvi. Shekue alikuwa amekaa kizingitini.

"Ungeacha tu ule wa zamani, shemeji," alisema, na safari hii hakuwa anachokoza. "Tungekuwa tunavua wadogo kama wenzetu, tunakula."

"Mpaka lini?"

"Mpaka waishe."

"Na wakiisha?"

Bi Kazija akampa sahani ya wali, akamwambia ale kwanza, kesi haisikilizwi kwa tumbo tupu.

*

Jumanne ukumbi ulijaa. Mbali na wavu wa Tumerudi, palikuwa na nyavu nyingine tisa zinazongoja kupimwa, zimepigwa pasi, zinanukia. Makarani arobaini walikaa pande mbili. Nyuma ya Waziri kulikuwa na kabati la kioo, na ndani yake Wavu wa Taifa, kielelezo cha nyavu zote halali, haujapata kuguswa na maji tangu ushonwe.

Shahidi wa kwanza aliyeitwa alikuwa samaki mchanga yeyote. Mpiga mbiu akatoka nje, akaita mara tatu akielekea baharini. Hakuna aliyejitokeza. Ikaandikwa kwamba mashahidi wa utetezi wamekaidi wito.

Kisha wavu wa Bi Kazija ukatandazwa mezani. Bwana Sengelo akaukagua, akafungua kitabu cha sheria penye mchoro, akaukagua tena.

"Mheshimiwa, jicho halali ni umbo la kashata. Haya ni umbo la dirisha. Wavu huu umekaa upande."

Watu wakaguna. Neno upande halikupendwa katika nchi ile.

"Mama," alisema Mheshimiwa Chambuso kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, "kwa nini umeuweka wavu wetu upande?"

Bi Kazija akasimama. "Mheshimiwa, mimi sijui kueleza kama watu wa ng'ambo. Naomba jambo moja tu. Ule wavu wa kabatini, ule halali, uingize kidole chako kama kawaida yako. Na hawa vijana wauvute kama meli inavyovuta."

Bwana Sengelo akasema hakuna kifungu kinachoruhusu. Bi Kazija akasema, kwa adabu, kwamba hakuna kinachokataza pia. Waziri akatabasamu. Kuingiza kidole kwenye wavu ndicho kitu alichokijua vizuri kuliko vyote duniani. Kabati likafunguliwa, Wavu wa Taifa ukatandazwa, bendi ikapiga, kifuko kikavuliwa. Kidole kikaingia.

"Kimep—" alisema Bwana Sengelo.

"Bado," alisema Bi Kazija. "Uvuteni."

Makarani ishirini wakashika kichwa cha wavu, ishirini wakashika mkia, wakavuta. Wavu wa Taifa ukakaza. Macho yake elfu yakarefuka, yakasinzia, na lile moja la katikati likafumba juu ya kidole gumba cha Mheshimiwa Waziri wa Samaki, Nyavu na Vitu Vinavyoelea.

Kwanza alitabasamu zaidi. Halafu tabasamu likabaki mahali pake, lakini macho yakatoka nje.

"Kimenasa," alisema kwa sauti ndogo.

Bwana Sengelo alikuwa hajasomea neno hilo. Akafungua kitabu.

"Acheni kuvuta," alisema Waziri.

Makarani wakamtazama Bwana Sengelo. Bwana Sengelo akasoma: kazi iliyoanzishwa mbele ya Waziri husimamishwa kwa amri ya maandishi, yenye muhuri. Na muhuri, kama mnavyojua, ulikuwa ndani ya wavu. Akashauri kwamba, wakati muhuri unangojewa, usomwe waraka wa Wizara. Makarani, kwa kuona wanatazamwa, wakavuta kwa bidii zaidi. Mmoja alikuwa anangojea kupandishwa cheo, huyo alitia na mguu ukutani. Watu kule nyuma, waliodhani ni sehemu ya sherehe, wakapiga makofi.

Bi Kazija alimwangalia yule mtu, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola, akaona huruma. Akageukia makarani.

"Jamani," alisema, "chai imeshamiminwa huko nje. Na sambusa."

Jozi arobaini za mikono zikaachia kwa pamoja. Wavu ukalegea, ukumbi ukabaki mtupu upande wa makarani, na Mheshimiwa akakaa chini sakafuni, kidole juu.

*

Kilikuwa kimevimba kama bilingani, na rangi yake ni hiyohiyo.

Bi Kazija akaagiza ndoo ya maji ya bahari iletwe. Bwana Sengelo akamkumbusha kifungu cha nne. Waziri akamwangalia Bwana Sengelo kwa muda, kisha akakizamisha kidole ndani ya ndoo mpaka kwenye kifundo cha mkono. Akafumba macho. Ilikuwa mara ya kwanza kuigusa bahari tangu aapishwe.

Walikaa hivyo, yeye chini, Bi Kazija kwenye kigoda cha mpiga ngoma, Shekue amesimama nyuma yao hajui aweke wapi mikono.

"Mama," alisema Waziri polepole, ili Mkurugenzi asisikie, "wale wadogo ndivyo wanavyobanwa hivi?"

"Wao hubanwa mwili mzima, Mheshimiwa. Wewe ni kidole tu."

Waziri akakigeuza kidole ndani ya maji. "Na hotuba yangu wakati huo inaendelea?"

"Inaendelea."

"Yote?"

"Dakika arobaini."

Mheshimiwa akatazama maji ndani ya ndoo. Kisha akainuka, suruali imelowa, akaenda mezani bila kungoja bendi.

Sasa sheria, wajukuu zangu, haikusema kidole cha Waziri cha jana, wala cha kesho kikipona. Ilisema kidole cha Waziri. Nyavu tisa zikaletwa, na bilingani lile halikuingia hata kwenye jicho moja. Bwana Sengelo, kwa sauti ya wosia, akasema "Hakijapita" mara tisa, na wenye meli wakashika vichwa. Ukaja wa Bi Kazija, ulioshonwa kwa dole nene kama muhogo. Kidole kikaingia. Waziri akaamuru uvutwe. Makarani, midomo imejaa sambusa, wakavuta. Jicho likabaki wazi. Akakitoa, akakiingiza tena, akakizungusha humo ndani kama mtu anayejaribu pete.

"Mkurugenzi," alisema, "sema."

"Mheshimiwa, umbo lake..."

"Nimekuuliza umbo?"

"Kimepita," alisema Bwana Sengelo.

Wale wenye meli tisa walikuwa wameshaanza kusogea upande wa Bi Kazija, kila mmoja akitaka kujua miezi minne inaanzia lini, na kama yeye anaweza kuwa wa kwanza. Mwaka uliofuata Wizara ilichapisha tangazo kwamba samaki wachanga hatimaye wameelimika, na hotuba ya Waziri ikapewa tuzo. Lakini hayo ni ya mbele.

Siku ile kidole kilichovywa kwenye wino, na wino ukaisha wote kwenye kichupa. Kikagandamizwa kwenye kibali cha Tumerudi. Kiliponyanyuliwa, muhuri ulikuwa umeenea ukurasa mzima. Ulifunika jina la meli, jina la nahodha, na masharti yote kumi na saba.

Shekue akakipokea kibali kwa mikono miwili, akakigeuza huku na huku, akakipeleka dirishani penye mwanga.

"Mkurugenzi," aliuliza, "sasa hapa masharti ni yapi?"

Bwana Sengelo akavaa miwani. Akainamia karatasi, akatafuta neno lolote pembezoni mwa ule wino, juu, chini, kushoto. Akamwangalia Waziri, aliyekuwa anakipuliza kidole na uso wake umelegea kama wa mtu aliyetoka homani. Akavua miwani.

"Sharti ni moja," alisema. "Uondoke kabla hakijapona."

Shekue akageuka kumwambia shemeji yake. Hakuwepo. Alikuwa ameshafika gatini, amewatwika mabaharia wavu, na anafungua kamba.